Fimbo ya Pili

Kuna siku moja haijanitoka, mwanangu, hata leo ambapo nimeanza kuchanganya majina ya wajukuu. Nasahau kofia nimeiweka wapi, nasahau kama dawa nimekunywa ao bado. Siku ile siisahau. Ilikuwa siku ya soko, na ukungu ulikuwa umeshuka chini kabisa, ukimtazama mtu unaona kichwa chake tu, miguu huioni.

Nakuambia leo kwa sababu umekuja na furaha yako na yale makaratasi. Umesema kule mjini wamekuweka katika komite ya usalama wa barabara. Mtaweka matuta mbele ya shule, mtachora mistari ya watu kuvukia, vijana wa pikipiki watavaa kofia ngumu, na kila mtaa utatoa watu wa kusimamia. Nimekusikia vizuri, na nimefurahi. Nilipokuwa kijana kama wewe nami nilipewa kazi ya namna hiyo, ila sisi hatukuwa na mji, tulikuwa na mlima. Keti basi. Vuta kile kiti. Hapana, si hicho, hicho mguu wake umelegea.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mpya, na wazungu waliokuwa wakisimamia njia walikuwa wamekwisha kwenda. Njia ya kutoka kwetu Masisi kushukia kwenye misitu ya Walikale ilikuwa na mahali tulipopaita Shingo. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo, katikati nafasi ya kamyo moja. Moja, si moja na nusu. Kamyo mbili zikikutana pale, moja ilipaswa kurudi nyuma, na huko korongoni kulikuwa na vyuma vya magari yaliyojaribu kurudi nyuma, majani yameota juu yake.

Lakini watu walipaswa kupita. Kutoka juu tuliteremsha maharagi na viazi, na ng'ombe wa Nyamitaba. Kutoka chini yalipanda mafuta ya mawese, mchele na ndizi. Mtu wa mlima bila mafuta anakula mboga kama dawa, na mtu wa msituni bila maharagi, haya, utamuuliza mwenyewe.

Leta, yaani serikali, ikatuma karatasi. Asubuhi magari yapande, alasiri yashuke. Ilikuwa karatasi nzuri yenye muhuri. Ilipigiliwa misumari juu ya mti wa kalitusi, hapo juu Shingo inapoanzia, na mvua ya kwanza ikaosha wino wote ukateremka kwenye gome. Na hata kama mvua isingenyesha, nani kati yetu alikuwa na saa ya mkononi? Shofere aliyelala siku mbili katika matope ya msituni, akifika Shingo atajuaje kama asubuhi hii ni ya kwake ao ya mwenziwe? Wakajaribu ngoma, mmoja apige juu na mwingine aitike chini. Upepo ukawa unazila sauti zote mbili. Watu walizidi kuanguka.

Aliyetutoa katika shida ile ni Papa Samweli. Maisha yake yote alikuwa kantonye, mmoja wa watu wale waliopewa kipande cha njia wakifukie mashimo na kufungua mifereji ya maji, kwa jembe na koleo. Alizaliwa Nyamitaba, katika wachungaji, na kule kuna vijia vya ng'ombe vilivyobanwa hivyo hivyo kati ya kilima na shimo. Kila kijia kina fimbo yake. Aliye na fimbo mkononi anapitisha ng'ombe wake. Asiye nayo anangoja, hata kama ng'ombe wake wanajaza kilima. Papa Samweli akasimama mbele ya wakubwa wa teritware, wilaya yetu, kofia ameishika kwa mikono miwili, akasema:

"Ba Papa, karatasi haitembeake. Fimbo njo inatembea."

Walicheka. Kisha mmoja akaacha kucheka akamwambia aeleze.

Ikawa hivi. Barieri mbili za kufunga njia, moja juu na moja chini, kila moja mti wa mwanzi uliofungiwa jiwe upande wa nyuma ili uinuke kwa urahisi. Fimbo moja tu, ya mti mgumu wa msituni, kichwa kimechomwa pete mbili kwa chuma cha moto. Magari yaliyo juu yanashuka kwa msururu, na la mwisho ndilo linabeba fimbo. Fimbo ikifika chini, hapo ndipo walio chini wanapanda, na la mwisho linairudisha juu. Hakuna fimbo, barieri haiinuki. Hata kwa administratere, mkubwa wa teritware, haiinuki. Na mtu wa miguu aliyebeba fimbo, njia nzima ni yake. Alikuwa na haki ya kutembea katikati bila kugeuza kichwa, maana hakuna gari linaloweza kuwa mbele yake wala nyuma yake.

Shika neno hilo, mwanangu. Katikati ya njia, bila kugeuza kichwa.

Papa Samweli alipewa barieri ya chini, akajenga kibanda pale pamoja na binti yake Furaha. Barieri ya juu walinipa mimi. Nilikuwa nimesoma miaka minne tu, lakini nilijua kuandika jina langu na nilikuwa na uso wa kucheka, na nadhani walinichagua kwa sababu ya uso. Nilipenda kazi ile. Nilikaa juu ya jiwe langu nikitazama kamyo zikipotea kwenye kona, nikijiona mimi ndiye nashika usukani, naenda mpaka mahali njia inapokwisha, halafu narudi kumchukua Furaha. Mashofere walinijua.

"Bahati," walipiga kelele, "uko nachunga njia ao uko nachunga mawingu?"

"Vyote viwili, kaka. Hata mawingu inapita kwa zamu."

Papa Samweli alikuwa na mchezo wake. Kila fimbo ilipopanda, alituma neno pamoja nayo. Shofere angefika juu, anipe fimbo, kisha kwa uso wa kazi, kama anayesoma barua ya leta, aseme: "Papa Samweli anauliza, fimbo iko ngapi?" Nami ningejibu: "Iko moja, Papa." Kila siku. Walicheka sana kwa jambo hilo. Mimi pia nilicheka. Yeye alikuwa hachezi.

Sasa shida ilikuwa hapa. Zilikuwapo siku ambazo magari ya kushuka yamekwisha kushuka, fimbo imelala chini, na chini hakuna gari la kupanda. Likija gari juu linakuta hakuna fimbo. Tulipiga klaksoni mara tatu, ndefu, na Papa Samweli akisikia alichukua fimbo akapanda nayo kwa miguu. Kijana alipanda Shingo kwa saa moja na nusu. Yeye alikuwa mzee. Siku moja alifika, akakaa chini bila kusalimu, akakunja suruali. Magoti yamevimba, ngozi inang'aa. Alinikuta natazama, akaishusha suruali haraka.

"Papa, magoti inakuuma."

"Magoti ni ya kwangu, we chunga barieri."

Furaha alikuwa ameniambia kwamba usiku baba yake anauma shuka ili asilie. Moyo wangu uliumia, mwanangu, sina namna ingine ya kusema. Nilikuwa na mama mpole na nilitoka mpole. Juma lile lile nikakata mti wa kalitusi, nikauchonga siku tatu. Nikaupaka mafuta ya mawese na masizi mpaka ukawa mweusi. Nikachoma pete mbili. Ukiziweka fimbo mbili pamoja, ungehitaji kuzinusa ndipo utofautishe.

Nia yangu ilikuwa hii: fimbo moja ikilala chini, nyingine iko juu, na mzee apumzike. Unaona ilivyo nzuri? Mimi niliona nzuri sana hata nikajishangaa kwamba wakubwa hawakuiwaza.

Mara ya kwanza nilipoitumia, kulikuwa na mama mwenye mtoto anayechomwa na homa, anakimbilia dawa kwenye dispansere ya chini. Fimbo haikuwapo. Mtoto alikuwa ameanza kugeuza macho. Nikamwambia shofere, "Chukua hii, teremka pole pole." Wakafika. Mtoto akapona.

Siku ya pili yake Papa Samweli alipanda. Alikuwa na fimbo mbili, moja kila mkono, kama mtu mwenye magongo. Sikumwona amekasirika. Aliziweka chini mbele yangu.

"Fimbo iko ngapi, Bahati?"

Nikaanza kumweleza habari ya mtoto.

"Mutoto alipona," akasema. "Minashukuru Mungu, nilimwona na macho yangu akinyonya. Lakini sikiliza. Ile saa wanateremka, wako kona ya Maji, mimi nilikuwa na mukono juu ya barieri. Gari ya ba Mama ya kanisa ilikuwa mbele yangu, wanaimba, wanataka kupanda. Fimbo ya kweli minayo. Nilikuwa nainua. Halafu mupira ya nyuma ikapasuka, pale pale, bado hawajaanza. Wakashuka kubadilisha. Unasikia? Mupira njo iliokoa yule mutoto. Si wewe."

"Papa, nilitaka ukuwe unapumuzika."

Alivua kofia yake akaigeuza mikononi. Nafikiri hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno la namna hiyo.

"Minajua," akasema. "Minajua, mwanangu. Lakini siku ikikuwa mbili, haiko fimbo tena. Iko miti tu. Ichome."

"Nitaichoma, Papa."

"Leo."

"Leo, Papa."

Akashuka na fimbo yake. Mimi nikawasha moto. Nakuambia kweli, niliuwasha. Nikaishika ile fimbo juu ya miali, nikaona pete zangu mbili, nikakumbuka siku tatu za kuchonga na magoti yale yanayong'aa. Nikaiondoa motoni. Nikaipenyeza katika majani ya paa la kibanda changu. Nilijiambia nitaichoma kesho. Na kila aliponitumia swali lake, nilijibu, "Iko moja, Papa," huku macho yangu yanakwenda yenyewe kwenye paa.

Miezi ikapita.

Siku ile sasa. Soko lilikuwa la chini. Asubuhi mapema magari yote ya soko yalikuwa yamekwisha kushuka, na fimbo nayo. Akabaki Gaspari, shofere mmoja mrefu, mwenye maneno matamu, aliyechelewa kwa sababu gari lake lilikataa kuwaka. Akafika barieri na magunia ya maharagi, na juu ya magunia wameketi akina mama na vikapu vyao. Tukapiga klaksoni mara tatu. Tukangoja. Tukapiga tena mara tatu.

Ukungu haukusogea. Muda ukaenda. Akina mama walianza kunung'unika kwamba soko litavunjika, viazi vyao virudi nyumbani. Gaspari akaja kukaa karibu nami juu ya jiwe.

"Shefu," akaniambia, polepole ili walio juu wasisikie, "yule muzee hasikiake leo. Na kama anasikia njo mbaya zaidi. Atapanda Shingo yote na magoti ile, kwenye utelezi hii? We huna huruma?"

"Fimbo haiko, Gaspari."

"Iko." Alitabasamu akatazama paa langu. Jambo dogo kama lile, mashofere wote walikuwa wanalijua. "Nipe, niteremke sasa. Nikimukuta bado kibandani, si atakuwa amepona kupanda? Tutakuwa tumemusaidia. Hii ya kwako nitaificha chini ya kiti, hataiona."

Mwanangu, mtu mbaya asingenishinda. Alinishinda kwa sababu alikuja na neno lililokuwa tayari moyoni mwangu. Nilijua kwamba klaksoni tatu zinamwita. Sisi wenyewe tulikuwa tumemwita, mara mbili. Lakini niliutazama ukungu nikajiambia umeila sauti, kama upepo ulivyozoea kuila ngoma. Nilijiambia angekuwa amesikia angekwisha kufika. Sikuhesabu kwamba siku hizo alikuwa akitembea akisimama, akitembea akisimama.

Niliingia kibandani, nikaitoa.

Kulikuwa na mama mmoja juu ya magunia, mnene, amefunga kitambaa chekundu, tulimwita Mama Yowana. Yeye alikuwa haogopi mtu. Gari lilipowashwa akapiga kofi juu ya mabati.

"We Gaspari! Simama. Fimbo iko?"

Gaspari akanitazama. Mama Yowana naye akanigeukia. "Bahati, mutoto wangu, fimbo iko? Kama haiko tunashuka, tutaenda na miguu."

Wangeshuka. Nataka uelewe hapo. Watu wale walikuwa wamejifunza. Bila fimbo wasingekubali kwenda hata hatua moja, na gari tupu Gaspari asingelipeleka, maana mizigo ilikuwa ya kwao. Karatasi ya leta haikuwafundisha, Papa Samweli aliwafundisha kwa magoti yake. Fimbo ilikuwa imekuwa neno lao la kuaminiana.

Niliinua ile ya kalitusi juu, ili wote waione.

"Iko, Mama," nikasema.

"Bon. Twende basi."

Nikampa Gaspari. Nikainua mwanzi. Gari likaingia katika ukungu, na nikamsikia mmoja wao anaanza wimbo.

Sijui nilikaa muda gani. Kisha nikasikia klaksoni, si tatu, moja, ndefu, isiyokatika. Nilikimbia. Nilianguka mara ngapi sijui, viganja vyangu vina alama mpaka leo, tazama.

Ilikuwa kona ya Maji, pale maji ya mlima yanapokata njia. Gari limesimama limeelekea ukutani, Gaspari alikuwa amelitupa upande wa mwamba ili lisiende korongoni na watu. Kwa hilo simnyimi haki yake. Lakini udongo ulikuwa utelezi na freni hazikushika mapema. Papa Samweli alikuwa katikati ya njia. Walisema alitokea kwenye ukungu anatembea katikati kabisa, kichwa chini kama anayehesabu hatua, na aliposikia gari hakuruka pembeni. Aliinua fimbo. Aliinua fimbo ili shofere aione, maana aliamini kwamba akiiona atakumbuka kuwa haiwezekani gari liwe pale.

Walikuwa wamemlaza juu ya kitenge cha Mama Yowana. Nilimfikia amekwisha kwenda. Mkono wake ulikuwa umefunga fimbo, walikuwa hawajaweza kuufungua.

Mlango wa gari ulikuwa wazi, na kwa ule mgongano fimbo yangu ilikuwa imetoka chini ya kiti ikaanguka matopeni. Mama Yowana aliiona. Akaitazama hiyo, akatazama ile iliyo mkononi mwa mzee, tena hiyo. Wanaume walikuwa wamemshika Gaspari shati, wanataka kumpiga. Yeye hakuwaangalia. Alinigeukia mimi.

"Bahati," akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua anayo, "njo ile ulituonyesha?"

Alivua kile kitambaa chekundu akamfunika mzee uso, kisha akaenda akakaa mbali, nyuma ya gari, peke yake.

Tulimteremsha kwa miguu. Tulimbeba wanaume wanne, katikati ya njia. Nilikuwa wa mbele upande wa kushoto, upande wa korongo. Furaha alikuwa amesimama barierini amebeba sahani iliyofunikwa, chakula cha baba yake, kwa sababu alijua akirudi atakuwa na njaa. Alipotuona hakuangusha sahani. Aliiweka chini polepole, akaifunika vizuri.

Siku ya matanga watu wa Nyamitaba walifika, na wa kwetu, na mashofere wengi. Wengine walisema ni ukungu. Wengine walisema Gaspari alikuwa amekunywa, na haikuwa kweli. Watu wanatafuta neno la kumaliza kilio, na mimi nilikuwa nimekaa katikati yao nikisikia kila mmoja anamtupia Gaspari, na yeye amekaa chini ya ukuta haongei. Hakunitaja. Hilo nalo lilinimaliza.

Furaha akainuka mahali pa wanawake. Alikuwa ameshika fimbo ya baba yake. Akaja mpaka mbele yangu, akauliza kama alivyokuwa akiuliza baba yake:

"Fimbo iko ngapi, Bahati?"

Nilijua nikijibu nitampoteza. Nilijua pia kwamba nimekwisha mpoteza kule kona ya Maji. Nikasimama.

"Iko mbili," nikasema. "Ya pili niliichonga mimi. Papa aliniambia niichome, nikamwambia nitaichoma, nikaificha. Gaspari hakuiba. Nilimupa na mukono yangu."

Baba yangu alijifunika uso. Kaka mmoja wa Nyamitaba alinyanyuka na rungu, na wazee wakamkalisha. Walizungumza mpaka jua likasogea, kisha mkubwa wao akatoa neno. Alisema hawataki kijana mwingine afe kwa ajili ya mti. Alisema nitaacha barieri ya juu, nitakaa ya chini, katika kibanda cha marehemu, na kila fimbo itakapolala chini nitapanda nayo mimi, kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka magoti yangu yajue alichokijua Papa Samweli. Baba yangu alitoa ng'ombe wa kilio. Administratere naye aliniweka kashoni, jela yao, siku kadhaa, lakini kasho ilikuwa rahisi.

Gaspari hakushika usukani tena.

Nilipanda Shingo miaka tisa, mwanangu. Na nikuambie jambo linaloniuma zaidi ya yote. Juma lile lile la matanga, wazee wa pande mbili walikaa wakaamua kuweka kibanda cha tatu katikati ya Shingo, na kijana mmoja ndani yake, ili aliyechoka akipanda na fimbo kwa miguu apokewe njiani. Mazungumzo yalikwisha kabla bugali haijaiva. Jambo dogo hivyo. Ningalifungua mdomo mbele yao nikasema, "Papa Samweli magoti yamekwisha, tufanye nini?" wangeliniambia hilo hilo, naye angezeeka. Mimi nikaficha huruma yangu katika paa la nyumba.

Furaha aliolewa Buleusa, na mtu mzuri. Kila mwaka alipita mara moja kwenda kuwasalimu watu wake, ameketi juu ya mizigo, na watoto wakiongezeka. Gari likisimama barierini alinitazama akauliza neno moja tu, halizidi wala halipungui. "Fimbo iko ngapi?" Nami nilijibu, "Iko moja, dada." Aliitikia kwa kichwa. Mwaka wa mwisho kabla sijaacha kazi alishuka garini, akanipa ndizi za kwao zilizofungwa katika majani, akapanda tena. Swali lake hakuliuliza. Nilizila nikilia kama mtoto.

Sasa sikia, nimekuchosha. Unarudi mjini na makaratasi yako. Sikukatazi karatasi. Lakini kabla hamjaichora mistari ile, nenda ukasimame pale shuleni asubuhi, utazame watoto wanavukia wapi kwa miguu yao wenyewe, na mama anayeuza ndizi kando ya barabara anakaa wapi, maana tuta halitamhamisha. Jua ni nani atakayebeba kazi hiyo kila siku, na magoti yake yakoje, na nani atampokea akichoka. Mkiona amri inawatesa watu, isemeni mbele ya wote, mchana, muibadilishe pamoja. Usiibadilishe peke yako kwa siri, hata moyo wako ukikuambia ni wema. Wa kwangu uliniambia hivyo.

Na alama ambayo watu wamekwisha kuiamini, usiitengeneze ya uongo. Mtu asiye na alama anatazama kushoto na kulia. Aliye nayo anatembea katikati, haangalii, kwa sababu amekuamini. Huyo ndiye utakayemuua. Siku rafiki yako wa pikipiki atakapokuomba umpitishe mara moja tu, kwa sababu ana haraka na wewe una huruma, kumbuka kitambaa chekundu cha Mama Yowana.

Ile ya kalitusi niliichoma mbele ya kaburi. Hii niegemeayo ndiyo ya Papa Samweli, walinipa siku njia ilipopanuliwa na barieri zikaondolewa. Shika kidogo. Ona pete zake. Nirudishie.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akuweke upande wa ukuta, asikuweke upande wa korongo. Akupe macho kwenye ukungu na mdomo mbele ya wakubwa. Wanaokungojea chini wakuone ukitokea kwenye kona, na sahani waliyokufunikia uifunue wewe mwenyewe.